Mtande Hutangulia: Mwongozo wa Kufuma Kitambaa cha Nakshi kwa Mkono

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kufuma hata mara moja, na nia yake ni kumfikisha kwenye kitambaa kimoja kilichokamilika, chenye nakshi, upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 60 hivi, ambacho anaweza kukitandika juu ya meza, kukiangika ukutani au kukiweka juu ya mimbari ya kanisa la mtaani kwake. Vifaa vyote vinapatikana Nakuru, Kisumu, Kakamega au mji wowote wa magharibi mwa Kenya wenye seremala, duka la vifaa vya ujenzi na soko la mitumba. Kazi yenyewe haihitaji umeme wala mashine, na inaweza kuachwa na kurudiwa jioni baada ya jioni bila kuharibika.

Naandika kama mfumaji na kama Mkristo, na sitayatenganisha mambo hayo mawili, kwa sababu Maandiko yenyewe hayayatenganishi. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anapotaka maskani yake itengenezwe, anamwita kwa jina Bezaleli wa kabila la Yuda, anamjaza roho yake, na kumpa Oholiabu wa kabila la Dani awe pamoja naye. Na miongoni mwa kazi zinazotajwa pale, pamoja na kuchora nakshi na kutia taraza, imo kazi ya mfumaji. Ustadi wa kupanga nyuzi za samawati, zambarau na nyekundu unahesabiwa kuwa kipawa kwanza, kisha ndipo unakuwa kazi. Wamisionari wa Kanisa la Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 walianzisha kituo chao kama misheni ya ufundi, na naona walikuwa na sababu njema, kwani mtu anayefanya kazi kwa mikono yake ana mahali pa kulishikia neno analohubiriwa.

Fremu

Mwombe seremala akukatie mbao za saiprasi za inchi mbili kwa mbili: vipande viwili vya sentimita 90 na viwili vya sentimita 50. Aviunge viwe mstatili imara, na kabla hajapigilia msumari wa mwisho pima kutoka kona hadi kona kwa njia ya mshazari. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Usikubali mbao nyembamba kwa ajili ya kupunguza gharama, kwa sababu nyuzi zikishakazwa zote huvuta kwa pamoja kwa nguvu kubwa, na ubao dhaifu hupinda katikati.

Juu ya ubao wa juu, katikati, weka alama 30 zilizoachana kwa sentimita moja, na ufanye vivyo hivyo kwenye ubao wa chini. Pigilia msumari wa inchi moja kwenye kila alama, ukiuacha utokeze nusu. Misumari isiwe kwenye mstari mmoja; mmoja uwe mbele kidogo, unaofuata nyuma kidogo, hadi mwisho, la sivyo ubao utapasuka. Piga msasa mahali popote panapochoma vidole.

Uzi

Unahitaji uzi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mtande, yaani nyuzi zinazosimama wima kwenye fremu tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi. Huu uwe wa pamba, uliosokotwa vizuri, mwembamba kuliko kamba ya kiatu na mgumu kukatika. Ukiushika kwa mikono miwili na kuuvuta kwa ghafla hautakiwi kukatika, na ukiusugua kwa ukucha hautakiwi kutoa manyoya. Mita 60 zinatosha kabisa. Walio karibu na ziwa hushawishika kutumia uzi wa nailoni wa kutengenezea nyavu, ambao kweli ni imara. Lakini nailoni huvutika, na mtande unaovutika hulegea kila siku, hivyo mimi siutumii.

Pamba si kitu kigeni kwetu. Imelimwa Busia, Siaya na Homa Bay kwa vizazi, na wazee wa Kisumu bado wanaikumbuka KICOMI, kiwanda cha nguo kilichoajiri watu wengi wa mji huo kabla hakijafungwa. Kufungwa kwa kiwanda ni hasara ambayo fremu ya sebuleni haiwezi kuifidia, wala sidai hivyo. Nasema tu kwamba mtu wa Nyanza anayeshika uzi wa pamba anashika kitu ambacho babu yake huenda alikipanda.

Uzi wa pili ni wa mshindio, ule unaopita kwa upana na kubeba rangi. Huu uwe wa sufu. Nyanda za Molo na Mau Narok hufugwa kondoo wa sufu, na anayeweza kupata sufu iliyosokotwa kwa mkono ataifurahia kupita kiasi: bado ina mafuta kidogo ya kondoo, vidole vinalainika unapofanya kazi, na unene wake haulingani kila mahali, jambo linalokipa kitambaa uhai. Lakini kwa kazi ya kwanza chanzo kizuri zaidi ni soko la mitumba, kwa mfano Kibuye pale Kisumu. Tafuta sweta mbili za sufu zenye rangi zinazopingana, moja nyeusi au ya kahawia iliyokolea, nyingine nyeupe au ya rangi ya maziwa, na ikiwezekana ya tatu yenye rangi ya kuchangamsha, nyekundu au manjano.

Kabla ya kulipa, geuza sweta nje ndani na uangalie mshono wa ubavuni. Ukiwa umekatwa na kuzungushiwa uzi wa ovaloki, iache, kwa sababu kila safu imekwisha kukatwa na utapata vipande vifupi tu. Ukiona kingo mbili nzima zilizounganishwa kwa mnyororo wa uzi, hiyo itafumuka kuanzia shingoni hadi chini kwa uzi mmoja mrefu. Kama huna hakika kwamba ni sufu, chomoa uzi mdogo na uuchome nyumbani: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika kati ya vidole, lakini uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Fumua sweta ukizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge rundo hilo mahali panne kwa vipande vya uzi wa pamba, kisha ulifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo bila kusugua. Litundike kivulini na kitu chepesi kikining'inia chini yake, kama vile chupa yenye maji kidogo, ili mikunjo ya ufumaji wa kwanza inyooke.

Rangi, kwa atakaye

Hatua hii inaweza kurukwa. Anayetaka kupaka sufu nyeupe rangi za nyumbani achukue gramu 100 za sufu, aichemshe taratibu kwa muda wa saa moja katika maji yenye gramu 15 za shabu (alum), inayoisaidia rangi kushika, kisha aihamishie katika maji yaliyochemshiwa maganda makavu ya vitunguu yenye uzito karibu sawa na wa sufu. Itatoka na rangi ya dhahabu. Majani ya mkaratusi huipa sufu hudhurungi hata bila shabu. Sufuria ya rangi isirudi tena jikoni, na sufu isitolewe kwenye maji ya moto na kutumbukizwa kwenye ya baridi, kwa sababu hushikamana ikawa bonge lisilofumika.

Mtu akishapaka rangi kwa mikono yake mwenyewe, akajaribu kuiondoa asiweze, atasoma Isaya 1:18 kwa namna nyingine: "Dhambi zenu zijapokuwa nyekundu sana, zitakuwa nyeupe kama theluji, zijapokuwa nyekundu kama bendera, zitakuwa kama sufu." Nabii anasema jambo ambalo kila mpaka rangi wa zamani alijua kwamba haliwezekani. Sufu iliyokolea nyekundu hairudi kuwa nyeupe kwa sabuni wala kwa jua. Ahadi hiyo ilitolewa kwa watu waliojua vyema ugumu wake.

Kutanda mtande

Hapa nakusihi usiharakishe, kwa sababu kazi yote iliyobaki inategemea saa hizi. Funga uzi wa pamba kwenye msumari wa kwanza wa chini, upande wa kushoto. Upandishe hadi msumari wa kwanza wa juu, uuzungushe, uushushe hadi msumari wa pili wa chini, uuzungushe, uupandishe hadi wa pili wa juu, na uendelee hivyo mpaka msumari wa 30 wa juu, ambako utaufunga. Ukihesabu utapata nyuzi 59 zilizosimama. Idadi hiyo isiyogawanyika kwa mbili ni faida, kwa maana uzi wa 30 ndio wa katikati kabisa, wenye nyuzi 29 kila upande, na utaishukuru hesabu hiyo utakapoanza nakshi.

Ukaze uzi kwa kiasi kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukishamaliza, rudi kwenye uzi wa kwanza na uanze kuvuta ulegevu mmoja baada ya mwingine, ukiusukuma kuelekea kwenye fundo la mwisho, kisha ulifungue fundo hilo na ulifunge upya. Weka kiganja juu ya nyuzi zote na ubonyeze taratibu. Zikurudishe sawasawa kila mahali. Kisha zipige kwa kidole kama mtu anayejaribu nyatiti. Uliolegea utanyamaza au kutoa sauti nzito kuliko wenzake, na sikio litaujua kabla ya jicho.

Mwanzoni wengi huiona hatua hii kuwa ya kuchosha, kwani wametumia jioni nzima na hakuna hata alama ya nakshi. Wanachokiona ni nyuzi nyeupe tupu zilizosimama ndani ya mbao. Mimi naipenda kuliko zote. Katika kitambaa cha namna hii mshindio hupigwa ukabanwa hadi unaufunika mtande wote, na kazi ikishakwisha mtazamaji hataona uzi wa pamba isipokuwa kwenye matamvua. Rangi zote, mawimbi yote, kila almasi na kila mstari vimekaa juu ya kitu kilichokuwapo kabla yao, ambacho hakikuongezwa baadaye wala hakionekani, na kikiondolewa kitambaa kinakuwa lundo la sufu.

Ndivyo ninavyoielewa neema. Paulo anawaandikia Waefeso, "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Wahubiri wengi huishia hapo, na wasikilizaji wao wakabaki wakidhani kwamba matendo hayana nafasi. Aya inayofuata inaendelea: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Matendo yapo, tena yametengenezewa mahali pake. Mshindio wetu una kazi ya kweli, una rangi ya kweli, nao unahitajika ili kitambaa kiwepo. Ila hauwezi kutangulia. Ukimtazama mama wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, ambaye amewalea watoto wa marehemu dada yake pamoja na wa kwake, utaona subira, ukarimu na bidii, nazo ni rangi zinazovutia macho. Yeye mwenyewe akiulizwa atakwambia ni kwa neema ya Mungu, na watu huyapokea maneno hayo kama adabu ya kuitikia salamu. Mfumaji anajua kwamba mama huyo anataja kitu halisi kilicho chini ya rangi zake.

Kufungua njia ya mshindio

Mshindio unapita juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, na kurudi kwa kubadilishana. Kuinua nyuzi moja moja kwa kidole katika kila safu kunachosha, kwa hiyo tunatengeneza njia mbili za kudumu.

Njia ya kwanza ni ufito bapa, mfano wa rula ya mbao yenye upana wa sentimita nne na urefu wa sentimita 45. Upitishe chini ya uzi wa kwanza, wa tatu, wa tano, hivyo hivyo hadi wa 59, na juu ya zile nyingine. Uusukume juu, uache ukae hapo muda wote. Ukiusimamisha kwa ubavu wake, nyuzi 30 huinuka na mwanya unafunguka.

Njia ya pili ni ufito wa mviringo, kama mti wa ufagio uliokatwa, unaolala mbele ya mtande, chini ya ule ufito bapa. Kila uzi kati ya zile 29 zilizobaki nyuma ufungie kitanzi cha uzi wa pamba kinachouunganisha na ufito huo. Vitanzi vyote viwe na urefu uleule, na njia rahisi ya kuvilinganisha ni kuvifunga kwanza kwa kuzungushia kipande cha ubao chenye upana wa sentimita nane. Ufito bapa ukilazwa, ukiuvuta ule wa vitanzi kuelekea kwako, nyuzi za nyuma huja mbele na njia ya pili inafunguka. Kuanzia hapo mikono itafuata mwendo wake: simamisha, pitisha, piga, laza, vuta, pitisha, piga.

Safu za kwanza

Chomeka chini, juu tu ya misumari, kipande cha katoni chenye kimo cha sentimita nane, ili ubaki na urefu wa matamvua. Fuma safu sita kwa uzi uleule wa pamba wa mtande ili nyuzi zijipange na kuachana sawasawa. Baada ya hapo anza na sufu, ukiikunja mara mbili kama ni nyembamba.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuvuta mshindio ukanyooka kama kamba ya nguo. Kitambaa huanza na sentimita 30, kikifika kimo cha kiganja kimekuwa 27, na nyuzi za pembeni zinaegemeana. Dawa yake ni hii: unapopitisha mshindio usiulaze sawa, uache upande kama mgongo wa kilima, kilele chake kikiwa sentimita nne au tano juu ya kazi, kisha uushushe kwa kugusa katikati, halafu kati ya katikati na kingo, ndipo uupige kwa uma wa jikoni hadi ukae. Uzi unahitaji urefu wa ziada ili uweze kuzunguka kila uzi wa mtande. Shikilia rula karibu na upime upana kila baada ya sentimita tano.

Naona watu walio wakali kwa nafsi zao ndio wanaovuta zaidi, na hili nalisema kwa upendo, kwa kuwa makanisa yetu yamejaa watu wa aina hiyo: wenye bidii, wa kwanza kufika kwenye maombi ya alfajiri, ambao moyoni wanaamini kwamba wakilegeza mkono kidogo kila kitu kitaporomoka. Mtande uliotandwa vizuri haukazwi na mshindio. Umekazwa tayari. Mkono unaovuta hauongezi uimara wowote. Unakipunguza kitambaa upana.

Nakshi

Sasa furaha yenyewe. Nitataja nakshi tatu kwa mpangilio wa ugumu, nazo zote zinatoka katika ufumaji uleule rahisi wa juu na chini, bila kifaa kipya.

Ya kwanza ni mawimbi. Fuma safu mbili za rangi nyeusi, kisha mbili za nyeupe, kisha mbili nyeusi. Ungetarajia mistari iliyonyooka, lakini kwa kuwa kila safu huonekana juu ya nyuzi fulani na kujificha nyuma ya zile nyingine, rangi hupanda na kushuka, na mbele yako inatokea mistari myembamba ya mawimbi kama maji ya ziwa wakati wa asubuhi.

Ya pili ni nguzo. Badilisha rangi kila safu: moja nyeusi, moja nyeupe, moja nyeusi. Hapo weusi wote utaangukia kwenye nyuzi zilezile na weupe wote kwenye zile nyingine, na badala ya mistari ya kulala utaona vijiti vilivyosimama wima, bapabapa, kama vimechorwa. Ukifika kimo cha sentimita mbili, fuma safu mbili mfululizo za rangi moja, kisha uendelee kama awali. Nguzo zitabadilishana mahali, nyeusi itakaa penye nyeupe, na baada ya mara kadhaa utakuwa na miraba midogo ya draftibodi. Angalia tu kingo: nyuzi mbili zinapokutana pembeni, zipishanishe ili uzi wa mwisho wa mtande usibaki uchi.

Nimewaona watu wazima, akina mama wenye wajukuu, wakiacha uma mezani na kupiga makofi nguzo zinapojitokeza. Mmoja wao, ambaye siku zote alituambia hana kipaji chochote, aliiinamia fremu yake kwa muda, akapitisha ukucha juu ya mstari mweusi kutoka chini hadi juu, akasema, "Mwalimu, hii mimi sikuichora." Ni kweli, hakuichora. Alifuata utaratibu mdogo, safu kwa safu, na nakshi ikaja kubwa kuliko kila alichokuwa akikiona mkononi. Furaha ya namna hiyo ina shukrani ndani yake, wala haitaki kujisifu, kwa sababu mtu anaona dhahiri kwamba amepewa zaidi ya alichotoa.

Ya tatu ni almasi, nayo inahitaji mpango. Chukua daftari la hesabu lenye miraba na uhesabu kila mraba wa upana kuwa uzi mmoja wa mtande. Chora almasi inayoanza na nyuzi tatu, yaani wa 29, wa 30 na wa 31, na ambayo kila baada ya safu nne inaongezeka uzi mmoja kila upande, mpaka ifike nyuzi 21. Kisha ipungue vivyo hivyo hadi tatu. Almasi nzima itachukua safu 76. Utatumia vifungu vitatu vya uzi kwa wakati mmoja, kimoja cha uwanja wa kushoto, kimoja cha almasi na kimoja cha uwanja wa kulia, na vyote vitatu vipite katika mwanya uleule kabla hujaubadilisha. Kila rangi inafika mpakani mwake na kurudi. Kazi huwa safi zaidi nyuzi jirani zikielekea pande tofauti, zikutane mpakani kisha ziachane. Kwa kuwa mpaka unahama kila baada ya safu nne, nyufa zinazobaki kati ya rangi ni fupi mno na hazihitaji kushonwa.

Kama almasi yako ni ndefu kuliko ilivyo pana, sufu yako ni nene. Ongeza uzi kila baada ya safu mbili au tatu. Ikiwa fupi na pana, fanya kinyume chake. Jaribu kwanza kwenye sentimita chache za chini.

Panapokosewa

Utaruka uzi, utasahau kubadilisha mwanya, utahesabu safu tano badala ya nne. Ukigundua kosa, chomoa mshindio kwa ncha ya sindano butu, safu moja moja, ukirudi nyuma mpaka ufike mahali palipo sawa. Usitumie mkasi karibu na mtande. Jambo la ajabu, ambalo naliona jipya kila mara, ni kwamba baada ya kufumua kimo cha kidole kizima cha kazi mbaya, nyuzi za pamba zinabaki pale zimesimama, zimekazwa kama mwanzo, wala hazikupungua kwa sababu ya kile kilichofumwa vibaya juu yao. "Dhambi ilipozidi, neema ilikuwa nyingi zaidi," Warumi wanaandikiwa, na mara tu baada ya hapo mtume anakataza mtu asifanye dhambi ili neema izidi kuwa nyingi. Mfumaji analielewa katazo hilo: sufu iliyofumuliwa mara nyingi hutoka manyoya na kudhoofika, na jioni zilizopotea hazirudi. Kufumua ni zawadi kwa aliyekosea, na si mchezo.

Uzi wa mtande nao unaweza kukatika, hasa ukikwaruzwa na uma. Funga uzi mpya juu kwenye msumari wake, uteremshe sambamba na uliokatika, uuchomeke kwa pini sentimita tano ndani ya kazi iliyokwisha, uukaze na uendelee. Hapo mfano wangu unafika mwisho wake, kwani pamba hukatika na neema haikatiki.

Kukata na kumalizia

Nyuzi za mtande zitakuwa zimekazana sana kadiri kazi inavyopanda, na zikibaki sentimita kumi au kumi na mbili chini ya misumari ya juu njia haitafunguka tena vizuri. Hapo toa ufito bapa, kata vitanzi, na umalizie kwa safu sita za pamba kama ulivyoanza. Kiache kitambaa kwenye fremu usiku mmoja kitulie.

Mfalme Hezekia, alipougua na kuamini kwamba anakufa, aliyalinganisha maisha yake na nguo ambayo mfumaji anaikunja na kuikata kutoka mahali pake pa kufumiwa. Na Mungu akamwongezea miaka 15. Mimi huukumbuka wimbo wake ninaposhika mkasi, na siuoni kuwa wa huzuni peke yake, kwa kuwa kitambaa hukatwa kikiwa kimetimia, na hakuna aliyewahi kuvaa wala kutandika kitambaa kilichobaki kwenye fremu.

Kata nyuzi nne za juu kwa wakati mmoja, kamwe usikate zote kwa pamoja, na uzifunge fundo lililobana safu ya mwisho kabla ya kukata nne zinazofuata. Za mwisho zitabaki tatu. Upande wa chini ondoa katoni, vua vishada kwenye misumari na ufunge vivyo hivyo. Punguza matamvua yawe sentimita sita. Ncha za sufu zilizobaki nyuma zichomeke kwa sindano kwa kufuata uzi wa mtande, kiasi cha sentimita tatu, kisha ndipo uzikate. Loweka kitambaa katika maji ya vuguvugu kwa robo saa, ukikamue kwa kukikunja ndani ya taulo, na ukilaze mahali tambarare kivulini kikauke, ukikinyoosha kwa viganja mpaka pembe zake ziwe sawa.

Kitambaa cha kwanza nashauri kisiuzwe. Mpe mtu ambaye humdai wala yeye hakudai kitu chochote, na usimweleze saa ulizotumia. Kisha, kabla juma halijaisha na vidole vikiwa bado vinakumbuka, tanda mtande mwingine; fremu hii ina nafasi ya kuongeza misumari mitano kila upande, na kwa nyuzi 79 utaweza kupanga almasi tatu ndogo zikisimama bega kwa bega.